Kona ya Juu ya Ubao

Mbeya, Juni, Jumapili jioni

Baridi ya mwezi huu haina mzaha. Upepo unashuka kutoka Loleza, watu wamejikunyata kwenye mabenchi ya mama lishe, na soga za jioni zimeishia pale zinapoishiaga watu wazima wakizunguka jiko la mkaa: walimu wa shule ya msingi. Kila mtu ana wake. Na kila mtu anamweleza kwa maneno yaleyale, "alikuwa mkali" au "alikuwa na roho nzuri". Hayanitoshi. Wakali walikuwa wengi, wenye roho nzuri nao walikuwa wengi, na wengi wao majina yao yameshasahaulika. Anayebaki kichwani mwa watu ni yule aliyeijua kazi. Na kazi hiyo inaelezeka kipande kwa kipande, kama fundi anavyoeleza mlango alioutengeneza.

Baridi yenyewe ilikuwa kipimo cha kwanza. Saa moja na nusu asubuhi, Makete au Mufindi au huku Uporoto, vidole vya mtoto wa darasa la kwanza havikunjiki vizuri kushika penseli. Akiambiwa aandike, anaibana kwa ngumi, ncha inakatika, daftari linatoboka, na herufi zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mwalimu mgeni anaona uvivu au ukaidi. Mwalimu anayeijua nchi hii anaona vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo mwandiko hauwekwi kipindi cha kwanza Juni na Julai, hata ratiba ya ofisini iseme nini. Inaanza mchakamchaka, halafu wimbo wa kupiga makofi, halafu hesabu za kichwa kumi za kujibu kwa mdomo. Mwandiko unasubiri jua liingie dirishani. Vipindi vya madarasa ya chini ni vya dakika 30, kuvibadilishana nafasi si kazi. Kazi ni kugundua kwamba inafaa kuvibadilisha.

Ubao nao una mambo yake, na hapa nitakaa kidogo, maana wanaouchukulia ubao kama ukuta tu hawajawahi kukaa dawati la nyuma.

Shule nyingi za zamani, ubao ni plasta ya saruji iliyolainishwa ukutani na kupakwa weusi. Weusi ukichakaa, ubao unageuka kijivu, na chaki nyeupe juu ya kijivu haisomeki, hasa jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu. Rangi ya dukani ilikuwa ghali, ndiyo maana Ijumaa watoto waliagizwa mkaa na majani ya maboga au ya viazi vitamu. Mkaa unatwangwa, kisha unachekechwa kwenye kitambaa chepesi, kanga iliyochoka inafaa sana. Majani yanapondwa na kuchanganywa na unga huo mpaka upatikane ujiuji mzito. Ubao unaoshwa kwanza na kuachwa ukauke kabisa. Unapakwa kwa kusugua kuelekea upande mmoja, toka juu kushuka chini, kisha unaachwa Jumamosi na Jumapili nzima.

Wengi waliishia hapo, na Jumatatu wakaharibu kila kitu kwa kuandika moja kwa moja. Ubao mpya hauandikwi hivyo. Chaki inalazwa ubavu, inasuguliwa ubao mzima mpaka uwe na vumbi jeupe kila mahali, halafu unafutwa kwa kitambaa kikavu. Vumbi linaziba vitundu vidogo vya ubao. Ukiruka hatua hii, maandishi ya kwanza yanaingia humo ndani na kivuli chake hakitoki wiki nzima: unaandika Sayansi huku Hisabati ya jana inakuchungulia kwa nyuma. Mkaa usiochekechwa unaacha punje zinazokwaruza. Majani yakizidi, ubao unang'aa na chaki inateleza bila kushika. Na ubao uliopakwa ukiwa bado na unyevu, kosa la kawaida kabisa masika ya Tukuyu, unabanduka magamba.

Walikuwepo waliotumia unga mweusi wa betri za redio. Unakolea kweli. Ila ndani yake kuna manganisi pamoja na chumvi zinazowasha ngozi, na mikono iliyotumwa kupaka ilikuwa ya watoto. Hapo siwatetei, hata wale ninaowaheshimu.

Chaki ndefu inalia ubaoni kwa sababu inatetemeka, kwa hiyo inakatwa vipande viwili kabla ya kuanza na kushikwa kwa kulazwa, isisimamishwe wima. Boksi halikai chini sakafuni. Chaki hunyonya unyevu, na ikishalowa inakwaruza bila kuacha alama. Basi.

Turudi kwa mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwalimu mgumu kuliko wote kumpata. Kiswahili kina irabu tano tu na silabi zake zinasomeka kama zilivyoandikwa, hivyo watu hudhani kufundisha kusoma ni kuimbisha: ma, me, mi, mo, mu. Darasa zima linapaza sauti, mkuu wa shule anapita nje anafurahi. Lakini mtoto anaimba, hasomi. Ukitaka kujua, ziba "ma" na "me" kwa kiganja, mwoneshe "mo" peke yake. Atarudi mwanzo kimoyomoyo, utaiona midomo ikicheza, mpaka aifikie. Aliyekariri wimbo anahitaji wimbo mzima ili apate silabi moja.

Dawa yake ilikuwa kadi. Boksi la sabuni linakatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, herufi zinaandikwa kwa markapeni nene. Konsonanti tano za mwanzo, tuseme m, k, b, t na l, kwa irabu tano, ni kadi 25, na kwa hizo tayari mtoto anajenga bata, kobe, kiti, meli. Halafu anataka kujenga mama, na kadi ya "ma" iko moja. Hapo unamtambua aliyewahi kufundisha na ambaye hajawahi: mzoefu anatengeneza ma, ka, ba, la na ku mbilimbili, kwa sababu maneno ya kwanza ambayo mtoto anayatamani ni mama, kaka, baba, lala na kuku. Kadi 30. Zinachanganywa mezani, zinaokotwa bila mpangilio, na hakuna wimbo.

Halafu kuna l na r. Huku kwetu watoto wengi wanaingia darasani na Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga mdomoni, na kwa wengi wao hizo ni sauti moja. Mwalimu asiyejua anacheka, au anaruhusu darasa licheke, na mtoto huyo hatainua mkono tena mpaka darasa la tatu. Anayejua anafundisha ulimi. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia; kwa r, inatetemeka, kama mtoto anayeigiza pikipiki ikipanda mlima. Darasa zima linaendesha pikipiki dakika mbili. Kisha zinakuja jozi: kula, kura, mahali, mahari. Sentensi inatungwa makusudi ili kosa lilete maana nyingine, "Babu amekwenda kupiga kura", na kicheko kinakuwa cha sentensi badala ya mtoto.

Kwenye hesabu, mfano mmoja unatosha: 42 toa 17. Nusu ya darasa inaandika 35. Si kwamba hawakufikiri. Wamefikiri kwamba kidogo hutolewa kwenye kikubwa, basi kwenye mamoja wakatoa 2 kwenye 7 wakapata 5, na kwenye makumi 1 kwenye 4 wakapata 3. Kuweka mkasi mwekundu juu ya 35 hakumfundishi mtu kitu. Walimu wazuri walikuwa na vijiti vya mianzi, na Iringa hakuna uhaba wa mianzi kwa watu wanaokunywa ulanzi, pombe ya mianzi, vimefungwa kumikumi kwa kamba. Mtoto anashika mafungu manne na vijiti viwili. Toa saba. Haviwezekani, viwili tu viko wazi. Hapo anafungua fungu moja mwenyewe, kwa vidole vyake: sasa ana mafungu matatu na vijiti kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. 25. Neno "kukopa" lilisubiri mpaka mkono uwe umeshafungua fungu mara nyingi. Na kwa aliyeng'ang'ania 35, kulikuwa na swali moja tu: "Jumlisha na 17 uone kama unarudi nyumbani." Anapata 52, anajikuna kichwa, anafuta mwenyewe.

Shamba la shule, ambalo wengi wanalikumbuka kama adhabu, lilikuwa darasa la pili pale lilipopata mwalimu. Tangu sera ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kila shule ilipaswa kuwa na shamba. Kulitumia kufundishia ilikuwa hiari ya mwalimu. Chukua tuta la viazi mviringo la mita 9, mbegu kila sentimita 30. Mbegu ngapi? Darasa la tano linagawanya 900 kwa 30, linasema 30 kwa sauti moja. Mwalimu hasemi kitu, anagawa mbegu 30 na kuwaacha wapande. Mwisho wa tuta kuna nafasi tupu. Nafasi kati ya mbegu ni 30, mbegu ni 31, kwa sababu ile ya kwanza inakaa mwanzo kabisa, kabla ya nafasi yoyote kuhesabiwa. Waliowahi kubaki na tuta lenye mkia mtupu hawakosei swali la nguzo za uzio kwenye mtihani.

Na historia. Miaka ni tarakimu tu kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Kwa hiyo kamba ndefu, fundo kila mita, fundo moja mwaka mmoja, na darasa linatoka nje, maana ndani haitoshi. Mtoto wa kwanza anasimama mwanzo wa kamba: Agosti 17, 1891, Lugalo, Wahehe wanakishinda kikosi cha Wajerumani na kamanda wake, Emil von Zelewski, anauawa. Mafundo saba mbele, 1898, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, anajiua asije akakamatwa. Halafu mtoto wa tatu anatembea. Anatembea, wenzake wanahesabu, anapita katikati ya uwanja wa mpira, na hajafika. Mafundo 56, mpaka 1954, fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani, linarudishwa na kuwekwa Kalenga, Iringa. Na kutoka hapo mpaka Uhuru, 1961, ni mafundo saba tu. Mita 70 zote, uwanja unatosha. Wanapiga kelele wenyewe kwamba hizo saba za mwisho ni sawa na saba za mwanzo. Kosa ni kupima kwa hatua badala ya kamba: hatua za mrefu na mfupi hazilingani, na 1954 ya mmoja inaangukia 1940 ya mwingine.

Mvua ikipiga bati lisilo na dari, sauti haifiki popote. Waliojua walikuwa na kazi ya kimya tayari ubaoni tangu Novemba.

Kusahihisha sitasema sana. Daftari 68 kwa dakika moja moja ni zaidi ya saa nzima kwa somo moja, na mwalimu ana masomo manne. Waliofanikiwa walisahihisha wakizunguka kati ya madawati wakati watoto wanaandika, kwa sababu kosa lililoonekana likiwa bado linaandikwa linafutwa papo hapo, na lililoonekana keshokutwa linakuwa alama nyekundu tu.

Kilichobaki ni ile kona ya juu ya ubao: darasa, tarehe, somo, na idadi. Wavulana 31, wasichana 37, jumla 68. Chini yake waliohudhuria. Mwalimu mvivu ananakili ya jana. Mwalimu tunayemzungumzia jikoni hapa anasimama na daftari la mahudhurio, na anapoandika 63 anataja kwa majina wale watano, kisha anamuuliza jirani wa kila mmoja. Huyu amebaki kulea mdogo wake, huyu amekwenda kuvuna viazi, huyu hana sweta na baridi imemzidi. Jirani anaondoka mchana na kipande cha karatasi chenye maswali manne ya siku hiyo.

Jioni ubao unafutwa toka juu kwenda chini, vipande vya chaki vinarudi boksini. Tarehe ya kesho inaandikwa palepale konani. Waliosajiliwa: 68. Waliohudhuria: pameachwa wazi.