Mifupa ilivyobadilika tuliposimama wima
Nyayo za mababu zetu wa kale zilizopatikana Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zina umri wa miaka milioni 3.66 hivi, na tayari kidole gumba cha mguu kimelala karibu sambamba na vingine. Hakikamati tawi tena, kinasukuma ardhi. Mfupa wa paja nao uliinamia ndani ili goti likae chini ya mwili, na nyonga ikawa fupi na pana kama bakuli, misuli ya pembeni ikizuia mwili usiyumbe unaponyanyua mguu mmoja. Ubongo mkubwa ulikuja baadaye sana.

Gharama kubwa kuliko zote ya kusimama wima, kwa maoni yangu, iko kiunoni. Hapo uti wa mgongo umepinda kuelekea mbele, na diski (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizo chini ya pingili mbili za mwisho za kiuno hubebeshwa uzito mwingi. Ndizo huchomoza mara nyingi zaidi na kubana neva inayoshuka mguuni.