Laini nzima, DNS imezimika
Jana jioni kurasa zote zilikataa kufunguka hapa nyumbani, ilhali taa za ruta zilikuwa zikiwaka kijani kama kawaida. Nilipoijaribu anwani 8.8.8.8 kwa amri ya ping, inayopima kama mashine ya mbali inajibu, majibu yalirudi bila kusita, na hapo ikadhihirika kwamba laini ni nzima, ila seva za DNS za mtoa huduma wetu, ambazo kazi yake ni kuyageuza majina ya tovuti kuwa anwani za tarakimu, ndizo zilizokuwa zimezimika. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta nikaweka seva nyingine za DNS, 9.9.9.9 na 149.112.112.112, zote za Quad9, huduma ya DNS ya bure iliyoanza mwaka 2017. Zipo pia 1.1.1.1 ya Cloudflare na 8.8.8.8 ya Google, lakini kwa nyumba yenye watumiaji wengi mimi naipendelea Quad9 kwa sababu huzuia majina ya tovuti zinazojulikana kusambaza programu hasidi. Wala sishauri kuichanganya na nyingine, kwani ruta ikiiuliza ile nyingine, kinga hiyo haipo. Kurasa zikafunguka papo hapo. Kwenye simu ya Android, kuanzia toleo la 9, sehemu ya DNS ya faragha huandikwa jina, yaani dns.quad9.net, si tarakimu.