Strait: mlango wa bahari, na dhiki ndani yake

Ukiwa kivukoni Likoni, Mombasa, unaona maji yamebanwa kati ya kisiwa na bara, na meli ndefu inapita humo kwenda Kilindini. Panua picha hiyo mpaka maji yaunganishe bahari mbili, utapata kile Waingereza wanachokiita strait. Sisi husema mlango wa bahari. Usiandike mfereji, maana mfereji huchimbwa, kama ule wa Suez uliofunguliwa 1869. Mlango wa Gibraltar, kati ya Hispania na Moroko, hakuuchimba mtu, ingawa panapobana zaidi hapafiki kilomita 15.

Waingereza walilipata neno hili kwa Kifaransa cha kale, estreit, kutoka Kilatini strictus: kilichokazwa, kilichobanwa. Ndiyo maana lina maana ya pili, taabu. Aliyezongwa na madeni yuko in dire straits, na hapo s haiachwi.

Kinachonifurahisha ni kwamba neno letu dhiki limepita njia iyo hiyo. Kwa Kiarabu asili yake ni ufinyu, na mlango wa bahari wa Hormuz huitwa madiq, neno la mzizi uo huo. Faraja nayo ina mzizi wa kufungua, kuacha mwanya. Basi lile jina la leso, Baada ya dhiki faraja, ukilisoma kwa mizizi yake unamwona mtu aliyejibana kwenye kichochoro cha Mji wa Kale akatokea Ngomeni, penye uwazi na upepo wa bahari. Hata stress ni ya ukoo wa strictus, nasi tukaiita msongo, kutoka kusonga. Sijui tafsiri nyingine iliyolenga vizuri hivyo.

Wengi hukosea tahajia, kwa sababu straight, iliyonyooka, hutamkwa vilevile. Hiyo asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kunyoosha, wala si jamaa ya strictus. Straitened circumstances ni hali ya dhiki. Ukitia gh umeandika hali iliyonyooshwa, kinyume kabisa. Koti la kumfunga mtu mikono ni straitjacket kwa sababu linabana.

Kosa hilo limeingia hata kwenye Mathayo 7:14. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inasema mlango ni strait, lakini leo watu huandika straight and narrow, kana kwamba habari ni ya njia isiyo na kona. Msomaji wa Kiswahili hapotei hapo, maana Biblia yake inasema njia imesonga.