Tambi nyeusi za Incheon

Ukishuka stesheni ya Incheon, mji wa bandari wa Korea Kusini, mwisho kabisa wa reli, huna haja ya kuuliza njia. Geti kubwa la Kichina limesimama ng'ambo ya barabara, na ukilipita unaanza kupanda mtaa uliojaa taa nyekundu, mikate ya nyama inayookwa kwa kubandikwa ndani ya mtungi wa udongo, wachumba wanaopigana picha, na wahudumu wanaokuita uingie kwao. Mimi mtu akiniita sana mlangoni ndiyo kwanza naongeza mwendo.

Rafiki yangu Mkorea naye hakutaka kusimama. Alinipeleka kichochoro cha pembeni, kwenye mgahawa ambao baba yake alikuwa akiletwa alipokuwa mdogo. Hauna mapambo ya maana: meza zilizochubuka kingo, kalenda yenye maandishi ya Kichina, birika la chai ya jasmini. Kabla hatujaagiza chochote tuliwekewa kisahani chenye achari ya figili ya njano, vipande vya kitunguu kibichi na tonge dogo la rojo jeusi la kuchovea. Hivyo havilipiwi, na vikiisha unaongezewa.

Tulikuja kwa ajili ya jajangmyeon, tambi za mchuzi mweusi. Bakuli linafika mchuzi ukiwa juu, mzito, unang'aa, na vipande vya nyama, kitunguu na mumunye ndani yake, halafu nyuzi za tango bichi juu kabisa. Usianze kula. Shika vijiti kwa mikono miwili, chota kutoka chini, pindua, rudia, mpaka pasibaki hata uzi mmoja mweupe. Rafiki yangu alimaliza kuchanganya la kwake mimi bado nahangaika. Ladha yake ni ya utamu kwanza, chumvi inafuata, kisha moshi wa karai la moto mkali. Nilitegemea kitu kikali kuliko hicho, na ilinichukua nusu bakuli kuipenda. Kitunguu kibichi ndicho kilichoniokoa, maana kinakata yale mafuta. Nawaambia ndugu zangu Waislamu mapema: nyama ile ni kitimoto, na mara nyingi hata mafuta ya kukaangia.

Utamu huo una historia. Bandari hii ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1883, na mwaka uliofuata Wachina wakapewa eneo lao hapa mlimani. Wengi walivuka bahari kutoka Shandong, na walikuja na tambi zao za rojo la soya, zenye chumvi, kavu kavu. Mwaka 1948 mtengenezaji mmoja wa Kichina nchini Korea akatia karameli kwenye rojo lake, likawa jeusi na tamu kama Wakorea walivyopenda. Vita vya Korea vilipoisha, unga wa ngano wa msaada wa Marekani ukajaa nchini. Basi tambi zikawa chakula cha kila mtu: siku ya kumaliza shule, siku ya kuhama nyumba wakati vyombo bado vimo kwenye maboksi. Rafiki yangu anasema hajawahi kuhama bila kuagiza jajangmyeon.

Mgahawa mkongwe wa mtaa huu, Gonghwachun, ulifungwa mwaka 1983, na tangu 2012 jengo lake ni makumbusho ya tambi hizi. Tuliyapitia baadaye haraka haraka. Masanamu ya watu wanaokula hayanivutii wakati nimeshashiba.

Aliyenivutia ni bibi aliyekaa kwenye kaunta ya malipo. Wateja anaongea nao Kikorea cha hapa hapa. Akigeukia dirisha la jikoni anapaza sauti kwa Kichina. Rafiki yangu alimwita sajangnim, kwa heshima ya mwenye duka, wakapiga soga. Amezaliwa Incheon, na mama yake pia. Pasipoti yake ni ya Taiwan.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu jana. Kwa miongo kadhaa sheria za Korea ziliwawekea Wachina kama yeye kikomo cha ardhi na ukubwa wa maduka, na vizuizi hivyo vililegezwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukaazi wa kudumu ulikuja mwaka 2002. Wengi walikuwa wameshachoka, wakaenda Taiwan au Marekani. Nilikumbuka Wahindi wenye maduka mjini Tanga, kizazi cha nne, na bado mtu anawauliza kwao ni wapi. Taifa zima linasherehekea kwa bakuli lao, halafu mpishi anaitwa mgeni. Mimi hilo sikulimeza vizuri. Bibi mwenyewe hakulalamika; alikuwa na haraka ya kutuondoa mezani, watu wamepanga foleni.

Lakini tulikuwa bado na tangsuyuk, nyama iliyokaangwa kwa wanga wa viazi, na mchuzi wake mtamu wenye uchachu pembeni. Hapo kuna ugomvi wa kitaifa: unaumwagia juu au unachovya? Rafiki yangu alishainua bakuli amwage. Nikamshika mkono. Mimi nachovya, ganda likilowa umeshaipoteza kazi yote ya jikoni. Tukagawana sahani nusu kwa nusu, na nusu yangu ndiyo iliyokuwa nzuri.