Jumanne yangu Lamu: cherehani asubuhi, mshauri alasiri

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta macho, lakini usiku nililala. Kuna wakati nilikuwa nakesha tangu saa nane nikisikiliza kila boti inayopita, nikipima kwa sikio kama mashine yake ni ile yetu. Mavyaa, mamake mume wangu, yuko juu ya mswala. Ananiuliza, "Umepata usingizi, mwanangu?" Nimepata, mama. Anashukuru Mungu, anaendelea na uradi wake.

Kwa asiyejua habari zangu: mume wangu ni mvuvi. Alitoka na wenzake wakati wa kusi, boti ikapatikana imepinduka, wao hawakupatikana. Hakuna aliyeoshwa wala kuzikwa.

Saa 1. Chai, mahamri ya jana, watoto shule.

Saa 2 na nusu. Nafungua duka Langoni. Nashona mabuibui, kanzu na sare za shule. Leo nina mabuibui ya harusi ya kutia pindo, na kila anayeingia kuchukua nguo yake huniachia na hukumu yake. Mmoja ananishika mkono: "Subiri, atarudi, bahari ina visiwa vingi." Wa pili, kabla ya adhuhuri, ananiombea nipewe nguvu baada ya "marehemu". Wote wawili wananitakia mema, na wote wawili wananichoma. Eda ya mfiwa ni miezi 4 na siku 10. Mimi nianze kuhesabu siku gani? Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 huchukuliwa kuwa amefariki. Ya dini yangu nimeyapeleka kwa kadhi, nasubiri. Na katikati ya hayo yote watoto wanataka kula.

Saa 4 na kitu. Inapita boti yenye mashine inayokohoa, na kifua kinabana papo hapo. Mwanzo nilikuwa naacha kazi na kukimbilia ufukweni. Sasa nafanya nilivyofundishwa. Nataja vitu vitano ninavyoviona: chaki ya bluu, tepe, mkasi, sahani ya pini, kivuli cha punda mlangoni. Vinne ninavyovigusa: pedeli ya cherehani chini ya unyayo, kitambaa, ukingo wa meza, pete yangu. Vitatu ninavyovisikia, na boti yenyewe naihesabu, siikwepi. Viwili ninavyovinusa, mafuta ya cherehani na samaki wa kukaanga wa jirani. Kimoja mdomoni, ladha ya uzi niliokata kwa meno. Halafu natoa pumzi polepole, ndefu kuliko niliyovuta, hadi moyo ushuke. Pindo likienda upande nalifumua, nalishona tena.

Saa 9 alasiri. Kwa mshauri nasaha. Watu walisema sana nilipoanza kwenda. Wengine waliniuliza kama nimeshaanza kuokota makaratasi. Wengine waliona kisomo kingetosha. Kisomo nasomewa mpaka leo na kinanituliza, lakini yule anayenisomea hakuwahi kuniuliza usiku ule wa mwisho tulizungumza nini. Mshauri aliniuliza. Mimi nikalia, yeye akanyamaza, hakuniambia nisubiri.

Leo tumerudi kwenye duara. Mara ya kwanza alilichora kwenye karatasi, akanipa kalamu: "Dada, humu mna sababu zote zilizofanya wasirudi. Mpe kila mmoja fungu lake. Wewe jiweke mwisho." Nikaanza na kusi, nikaikatia karibu nusu. Mashine iliyokuwa ikizimika. Maboya ya kujiokolea, ambayo hayakuwamo. Nahodha aliyekubali kutoka. Mume wangu mwenyewe, aliyeijua bahari tangu utotoni na akaamua kwenda. Nikauliza, na kadari ya Mola niiweke wapi? Akasema hiyo si fungu, dada, hiyo ndiyo karatasi yenyewe. Nilipofika kwangu, kwa ile ada ya shule niliyomkumbusha usiku ule, nafasi iliyobaki ilikuwa nyembamba kama ukucha. Nami niliingia chumba kile nikijua duara zima ni langu.

Leo nimelichora upya bila kutazama la zamani. Kile kipande changu bado nimekitia. Hakunibishia. Tukazungumza juu ya Pauline Boss, Mmarekani ambaye katika miaka ya 1970 alikaa na wake za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam. Aliona kwamba wanawake wale hawakuwa wagonjwa. Hali waliyotiwa ndiyo haikuwa ya kawaida. Hakuwalazimisha wachague kama mume yu hai au amekufa. Unaweza kuyashika yote mawili, na huku ukapika, ukashona, ukacheka. Mimi nilihitaji mtu aniambie hivyo.

Saa 12 jioni. Kazi niliyopewa wiki hii ni kutoa kanzu moja kabatini na kuipunguza imfae mwanangu mkubwa. Mavyaa aliposikia alikasirika: "Na babake akirudi atavaa nini?" Nikamwambia akirudi, mama, nitamshonea mpya kwa mikono hii. Tukakaa. Baadaye akamwita mjukuu wake, akashika mwisho wa tepe mwenyewe, mimi nikasoma vipimo.

Saa 2 usiku. Sauti kwenye simu, mama mmoja wa Kizingitini. Mwanawe alikuwa boti ile ile. "Mimi si mke, mimi ni mama tu. Huyo mshauri wako atanisikiliza na mimi?" Nimemjibu aje Jumanne ijayo kwa boti ya asubuhi, nitampokea jetini, twende pamoja, na usiku alale kwangu.