Siku mama aliyewapikia watu maisha yake yote alipohudumiwa yeye

Mama yangu aliuza chakula Pangani kwa miaka mingi. Asubuhi chapati na maharage, mchana wali na samaki wa nazi, na wateja wake walikuwa wavuvi, wabeba mizigo na walimu wa shule ya msingi. Kwa hiyo alipokuja Dar es Salaam mwezi wa Saba kwa ajili ya kliniki ya sukari, mimi na ndugu zangu tulikubaliana kwamba safari hii tumtoe akale mahali pazuri. Apikiwe, aandaliwe, ahudumiwe mezani, na akimaliza sahani aiondoe mtu mwingine.

Mgahawa tuliouchagua uko mtaani kwetu Mikocheni, mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Ni nyumba ya zamani iliyogeuzwa: sebule imekuwa kaunta, uani zimepangwa meza chini ya miti, na jioni huwashwa taa ndogondogo. Si hoteli kubwa ya kuvalia suti, wala si banda la chipsi. Mtu anaweza kwenda na ndala safi akapokewa vizuri, lakini meza zina vitambaa, na sahani moja ya samaki ni shilingi 35,000 kwenda juu. Mimi naipenda migahawa ya namna hii. Ila nimeshaona mzee analetwa na watoto wake kwa mapenzi yote, kisha anakaa kimya toka mwanzo hadi mwisho: menyu ya Kiingereza, muziki uko juu hasikii anachoambiwa, uma na kisu vinamsumbua, na bei akiiona, chakula hakipiti kooni. Sikutaka mama apitie hayo. Nikaazimia kwamba kila kitu ambacho kingeweza kumtia unyonge kimalizwe kabla hajafika.

Nilitangulia kwenda peke yangu, saa ambazo wateja wa mchana wameshaondoka na wa jioni hawajaanza kuingia. Ukienda wakati huo unapata watu wa kuzungumza nao. Usiku wa Ijumaa hakuna mhudumu mwenye nafasi ya kusikiliza habari za mama yako.

Lililonipa wasiwasi zaidi lilikuwa jikoni. Mama ni mtu wa sala tano, mgahawa una baa, na kwenye menyu zimo soseji za nguruwe. Kusema "sisi tutaagiza samaki" hakutoshi. Samaki naye anaweza kuchomwa juu ya wavu uleule uliochoma soseji, na mchuzi wa kamba unaweza kuwa umetiwa mvinyo bila menyu kutaja. Nikamuuliza meneja. Hakuwa na uhakika, na nashukuru hakunibahatishia jibu, alimwita mpishi. Mpishi akaniambia wazi: wavu ni mmoja, na kamba wao hupikwa kwa mvinyo mweupe. Tukimpa taarifa mapema, akasema, atatupikia kwenye kikaango na sufuria za peke yake, zilizooshwa mbele ya msimamizi wake, na vyakula vyenye mvinyo atuondolee kwenye hesabu. Watu wengi huona haya kuuliza mambo haya kwenye mgahawa wa hadhi, wasije wakaonekana washamba. Mpishi anayeijua kazi yake hanuni kwa maswali hayo. Akinuna, nyanyuka utafute pengine.

Kisha saa. Tulipanga kufika saa kumi na nusu, mama akiwa ameshasali alasiri, na kuondoka kabla ya magharibi, ambayo mwezi wa Saba huku Dar huingia saa kumi na mbili na dakika kadhaa. Mama hulala mapema, na chakula cha saa tatu usiku kingemvurugia usingizi na sukari yake pia. Hiyo saa ya alasiri ina faida nyingine: jikoni hakuna msongamano, oda haichelewi. Niliulizia kwanza, maana migahawa mingine hufunga jiko kati ya mchana na jioni.

Sikio lake la kushoto halisikii vizuri siku hizi. Nilizunguka ule ua nikikaa kwenye kiti cha meza hii na ile, nikisikiliza. Ndani kuna sakafu ya vigae na dari ya mbao, sauti zinagongana. Karibu na baa kuna spika. Kona ya mwisho, penye ukuta uliofunikwa na mimea, palikuwa na utulivu, na upepo ulikuwa unapeleka moshi wa jiko upande mwingine. Nikaomba meza hiyo, kiti cha mama kiwe na mgongo na kisiwe kile cha sofa ya chini, kwa sababu ya magoti. Meneja akaandika yote kwenye daftari lake.

Menyu niliipiga picha, na jioni tukiwa nyumbani nikamsomea kwa Kiswahili, chakula kimoja kimoja, kilivyopikwa na kinavyoliwa. Bei sikuzisoma. Alisikiliza kwa makini sana, kama mtu wa kazi hiyo anayesikia habari za wenzake. Akauliza pweza wanatoka wapi. Akauliza nazi wanakuna wenyewe au ya kopo. Tulipomaliza alishajua anataka nini: pweza wa nazi, na samaki wa kukaanga mzima, asiyekatwa kichwa. Kesho yake hakulazimika kushika kitabu cha menyu mbele ya mtu.

Dawa zake za sukari huzimeza pamoja na chakula. Ziko ambazo ukizimeza halafu chakula kikakawia, sukari inashuka mpaka mtu anatoka jasho na kutetemeka, na za mama ni za aina hiyo. Kwa hiyo vidonge vilikaa kwenye mkoba wa dada mpaka sahani ilipotua mezani. Niliagiza pia juisi yake ya ukwaju isitiwe sukari kabisa, na badala ya chipsi waweke mchicha, na wali kidogo.

Siku yenyewe tulifika, na kijana mmoja mhudumu akaja moja kwa moja kwa mama.

"Shikamoo mama. Karibu sana, meza yako ile kule."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

Hakuanza na mimi niliyeweka nafasi, wala kaka ambaye ndiye mkubwa wetu. Alianza na mama, akainama kidogo upande wa sikio la kulia kama nilivyomwomba, akaongea taratibu bila kupiga kelele. Kwangu mimi hapo ndipo mgahawa ulipostahili pesa zetu, hata kabla ya chakula.

Mwezi wa Saba ni msimu wa upepo wa kusi, bahari inachafuka, na vyombo vidogo haviendi mbali kila siku, hivyo samaki wabichi si wa uhakika. Menyu imeandika "samaki wa leo" lakini leo yenyewe inaweza kuwa wiki iliyopita ndani ya friza. Mama akamwambia yule kijana, kwa upole kabisa, kwamba angependa kumwona samaki kabla hajapikwa. Wakaleta sinia lenye barafu: changu wawili na nguru mmoja. Mama akabonyeza ubavu, akafunua mashavu, akaangalia jicho. Nguru akamwacha. Changu mmoja akamkubali. Kuhusu pweza hakuwa na shaka. "Bamvua limepita juzi tu," akasema. Wakati wa bamvua maji hukupwa sana, miamba ikabaki wazi, na akina mama hutoka na vijiti kutafuta pweza kwenye mashimo. Yeye amewanunua huko miaka yote, hivyo anajua siku za pweza mzuri kwa kuutazama mwezi.

Kabla ya chakula wakaleta birika na beseni la kunawia, sabuni na kipande cha limau. Hilo nilikuwa nimeliomba. Uma na visu vilikuwepo mezani, lakini sote tulinawa, kaka akiwa wa kwanza, na sote tukala kwa mkono. Wajukuu vilevile. Mama hakubaki peke yake na vidole vyake.

Pweza alikuwa laini na mchuzi mzito. Mama alionja, akanyamaza, akaonja tena, akaomba kumwona mpishi. Mpishi akaja akijifuta mikono, nikaona uso wake una wasiwasi. Mama akamuuliza: "Tui zito umelitia mwisho?" Akajibu ndiyo, pweza alimchemsha kwanza kwa maji yake mwenyewe bila chumvi, akamwivisha kwa tui jepesi, na tui la kwanza akalimimina mwisho huku akikoroga moto ukiwa mdogo, lisikatike. Mama akampa mkono. Wakazungumza kwa muda habari za nazi za Tanga na za Mafia, za pweza kupigwapigwa ili alainike, na yule mpishi akasema bibi yake alikuwa akipika vile Kilwa. Sisi tuliacha kula tukawasikiliza. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akizungumza kazi yake na mtu anayeitambua kuwa ni kazi.

Samaki wa kukaanga, kwa maoni yangu, alikaushwa kidogo upande wa mkia. Mama alikula kichwa chote.

Bili nililipia kaunta, mbali na meza, kwa lipa namba. Tulikuwa tumechangishana kabla, kila mtu na sehemu yake, kwa hiyo hapakuwa na kuvutana mbele ya mzee. Niliuliza mapema kama VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, iko ndani ya bei za menyu au inaongezwa chini, maana kwa watu wengi mezani tofauti hiyo ni pesa nyingi. Ilikuwa ndani. Hawakuwa na makato ya huduma, kwa hiyo bakshishi ya yule kijana na ya mpishi niliitoa mkononi, kila mmoja yake, baada ya kuchukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mama aliuliza ni shilingi ngapi. Kaka akamjibu, "Mama, wewe ulitulisha bila kutupa bili," akacheka, habari ikaishia hapo. Tulifika nyumbani adhana ya magharibi ikiwa inaadhiniwa, na sukari yake asubuhi ilikuwa pale inapotakiwa.

Atarudi kliniki mwezi wa Kumi, na ameshatuma salamu kwamba atakuja na shoga yake waliyekuwa wakiuza naye chakula kule Pangani. Anataka wali wa nazi. Nimeshapita kuuliza: wanaupika kwa kuagiza tu, siku moja kabla, na nazi wataikuna wenyewe.