Kipande cha reli kilichonipeleka stesheni ya Kongwa

Shule ya msingi niliyosoma, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, haikuwa na kengele. Ilikuwa na kipande cha reli, urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichoning'inizwa kwa waya kwenye tawi la mkwaju. Mwanafunzi wa zamu alikigonga kwa nondo, nasi tukakimbilia mstarini. Nilikisikia miaka saba bila kujiuliza kilitoka wapi, ilhali treni hatukuwahi kuiona. Reli ya kati inapita mbali nasi, huko Msagali, upande wa Mpwapwa. Niliporudi wilayani kufundisha historia sekondari, mwanafunzi wa kidato cha tatu akaniuliza, "Mwalimu, babu anasema Kongwa palikuwa na stesheni. Ni kweli?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilianzia kwenye kipande chenyewe. Reli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na maandishi ubavuni: jina la kiwanda, mwaka, na mara nyingine uzito. Nikasugua kutu kwa brashi ya waya, nikapaka chaki, na mwaka uliojitokeza ulikuwa wa enzi za Mjerumani. Nilifurahi mno. Nikaandika daftarini kwamba stesheni ilijengwa na Wajerumani, kisha likizo yangu karibu yote ikaishia kutafuta reli ya Mjerumani iliyopita Kongwa. Haikuwepo. Wajerumani walifikisha reli ya kati Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, wala hawakuchepusha tawi kuja kwetu. Mwaka ulioandikwa kwenye chuma ni wa kutengenezwa, si wa kulazwa. Reli hung'olewa huku ikalazwa kule, na kipande kilichobaki hupelekwa shuleni kuwa kengele. Tangu hapo chuma nakisoma kama shahidi mmoja tu kati ya wengi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani na shule. Nilimwuliza habari za reli, naye akanijibu habari za karanga. Nilidhani hajanisikia vizuri, nikarudia swali. Akasema, "Mwalimu, reli ilikuja kwa ajili ya karanga. Ukiziacha karanga, hiyo reli utaitafutia wapi?"

Alisema kweli tupu. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. John Wakefield, aliyekuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, akaongoza ujumbe wa kukagua ardhi, na mwaka 1947 mpango ukatangazwa: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, zaidi ya ekari milioni tatu kwa jumla, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Kongwa ndipo walipoanzia. Trekta, mafuta, mbegu, saruji na vyakula visingeweza kutegemea barabara ya udongo masika yote, hivyo likajengwa tawi la reli kutoka Msagali hadi Kongwa, likaendelea hadi Hogoro. Karanga zilishindwa. Mvua zilikuwa za kubahatisha, na udongo wetu kiangazi hukauka ukawa kama tofali, karanga zikabaki chini hazing'oleki. Mwezi Januari 1951 Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36.

Basi nikaelewa kwa nini nilikuwa sipati kitu. Nilikuwa natafuta neno reli, wakati tawi hili lilizaliwa na mradi wa chakula na kumbukumbu zake zimelala humo. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge la Uingereza, Hansard, zinasomeka bure kwenye intaneti, na ukiandika Kongwa na mwaka unaoutaka, unawakuta wabunge wakibishana juu ya trekta mbovu na shehena zilizochelewa. Pale Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, mambo yalianza kwenda nilipoacha kuuliza Kongwa nikauliza Mpwapwa, kwa sababu wakati huo Kongwa haikuwa wilaya, ilikuwa chini ya Mpwapwa. Na kwa yeyote anayetafuta stesheni ya Tanganyika ya baada ya mwaka 1948, akumbuke kwamba mwaka huo reli zetu ziliunganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja, makao yake yakiwa Nairobi. Huenda unachokitafuta Dar kimelala Nairobi.

Makaratasi yaliniambia reli ilikuja kwa nini. Lakini stesheni yenyewe ilisimama wapi hasa, na ilikufaje, hayo yalihitaji watu. Hapo nikakutana na ugumu nisioutarajia: wazee wanaoishi karibu na eneo lile leo si lazima wawe ndio waliokuwa pale wakati wa treni. Operesheni Dodoma ya serikali, ya 1970 na 1971, iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na waliokuwa majirani wa reli wakatawanyika. Ilinibidi niulize kwanza, "Kabla ya Operesheni mlikaa wapi?" ndipo nijue niendelee na nani.

Nikajifunza pia kuacha kuuliza mwaka. Ukimwuliza bibi wa Kigogo mwaka gani, atakutajia mwaka ili usiondoke mikono mitupu. Ukimwuliza wakati ule alikuwa anachunga ndama au alishakabidhiwa ng'ombe, alikuwa ameolewa au bado, anakupa jibu unaloweza kulipima. Mtoto wa kuchunga ndama ana umri wake, wa kuchunga ng'ombe ana wake.

Bibi mmoja ndiye aliyenisumbua kuliko wote, na ndiye ninayemshukuru kuliko wote. Nilimkuta kwa mwanawe, nikasalimia "Mbukwenyi" nilipofika uani, kisha nikampa shikamoo yake. Alinieleza jinsi mama yake alivyouza maziwa ya mgando kwenye kibuyu pale stesheni, na jinsi watoto walivyookota karanga zilizomwagika magunia yakishushwa. Nikamwuliza stesheni ilifungwa lini. Akasema, "Walipokuja wapigania uhuru." Nikamwambia kwa heshima kwamba treni iliacha kuja mapema zaidi, katikati ya miaka ya 1950, miaka kadhaa kabla ya Uhuru. Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, mimi nilikuwepo."

Nilirudi nyumbani nikiwa na tarehe mbili zinazopishana kwa karibu miaka kumi. Jambo rahisi lingekuwa kuandika kwamba bibi amesahau. Nilisita, kwa sababu mambo mengine yote aliyonieleza yalikuwa yamekubaliana na ya wenzake.

Jibu nililikuta kwenye habari za ukombozi, mahali ambapo nisingetafuta stesheni kamwe. Mwaka 1964 serikali iliwapa wapigania uhuru wa nchi za kusini mwa Afrika kambi Kongwa. Wa kwanza kufika walikuta shule iliyoachwa na stesheni ya reli iliyochakaa, mabaki ya Mradi wa Karanga, wakayakarabati na kuanza maisha hapo. Wakaja FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na ANC ya Afrika Kusini, kisha MPLA ya Angola na ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel wa FRELIMO alipita Kongwa, Chris Hani wa ANC pia. Stesheni niliyokuwa naihangaikia kwa ajili ya kengele ya shule ilikuwa ndani ya kumbukumbu za Wanamibia.

Nikarudi kwa bibi na swali jingine. Treni ilipoacha kuja, pale palikuwaje? Akasema watu waliendelea kupita, wakapumzika kivulini kwenye jengo, akina mama wakaendelea kupanga vibuyu vyao kwa sababu njia zote zilikutana pale. Wapigania uhuru walipokuja ndipo watoto wakakatazwa kusogea. Kwake yeye hiyo ndiyo siku stesheni ilipofungwa. Treni kuacha kuja ni jambo jingine, nalo alilikumbuka vizuri sana nilipoliulizia kwa jina lake. Daftarini mwangu sasa kuna mistari miwili: kufungwa kwa reli, na kufungwa kwa stesheni.

Kuifuata njia yenyewe kulinichukua siku nne, mimi na vijana wawili. Tulianza na picha za setilaiti kwenye simu. Barabara ya gari hukata kona popote, lakini reli hupinda pole pole, pinda refu lisilo na haraka, kwa sababu mabehewa hayawezi kona kali. Ukiona mstari wa namna hiyo ukikatiza mashamba bila kujali mipaka, kautazame kwa miguu. Tulikuta tuta limelimwa juu kwa juu, mtama umestawi pembeni na kudumaa katikati, na kokoto ngumu mahali ambapo udongo wote ni mfinyanzi. Kwenye korongo moja kuna kalavati iliyobomoka upande. Katika nyumba mbili za karibu vipande vya reli vimesimama kama nguzo za baraza.

Jambo moja nawasihi wanaotaka kufanya kazi hii: msiingie mashambani kabla ya kufika kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, na barua mkononi. Mtu anayezunguka na ramani akitazama mabaki ya zamani hudhaniwa anapima ardhi za watu au anatafuta mali za Mjerumani. Sisi tulitembea na mjumbe siku zote nne, na hatukuchimba hata tundu moja.

Mwezi uliopita nilimpeleka bibi kwa bajaji hadi mahali tulipoamini jengo lilisimama. Alishuka, akaegemea fimbo, akatazama vilima kwanza kisha ardhi. Akasogea hatua kama thelathini kuelekea magharibi, mbali na alama yangu, akasimama. "Mlango ulikuwa hapa. Mama alikaa huku, upande wa kivuli cha asubuhi." Nikachukua alama yangu ya mawe, nikaihamisha.